Njia ya Kupitia Zuhura

Seth Ndahani alikutwa alfajiri ya Jumatano, tarehe kumi na nne Agosti 1996, amekaa kitako kwenye mlango wa zizi la marehemu baba yake, mgongo ameuegemeza kwenye miti na mkuki umezama ubavuni. Zizi lilikuwa tupu. Ng'ombe arobaini na watatu walikuwa wameondoka. Jirani alisema alisikia mbwa wakibweka kama saa saba usiku, akaogopa kutoka.

Dada yake Penina ndiye aliyeutoa mkuki. Watu walimwambia awasubiri polisi kutoka Mpwapwa. Akauliza kama kituo kina gari siku hiyo. Aliweka mguu kwenye nyonga ya mdogo wake, akavuta mara mbili. Mara ya pili mkuki ulitoka, na mama yao, Yudith, aliyekuwa amesimama kando bila kulia, akaketi mavumbini.

Pale Chisayu, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka stesheni ya Gulwe, Penina alijulikana kama mwalimu wa hesabu ambaye hajaolewa. Alikuwa amesoma Mosko miaka sita. Alichosomea ni namna ya kukitoa chombo duniani na kukifikisha kwenye sayari nyingine, na alirudi mwaka 1991, mwaka ule ule nchi iliyomsomesha ilipovunjika. Wizara haikuwa na kazi ya mtu wa namna hiyo. Ilimpa kidato cha tatu na boksi la chaki.

Mwaka 1995 alipata barua kutoka kwa profesa wake wa zamani, Lidia Andreyevna. Idara ilikuwa imebaki na watu wanne. Vijana wake walikuwa wameacha hesabu, wanauza makoti sokoni, na kompyuta ya chuo sasa ilikodishwa kwa saa kwa yeyote mwenye pesa. Kulikuwa na mpango wa kupeleka chombo kidogo kwenye sayari ya Mshtarii kwa roketi dhaifu, na roketi hiyo isingeweza kukifikisha hata nusu ya safari. Profesa aliwaandikia wanafunzi wake wa zamani popote walipo: atakayeweza, atafute njia kwa mkono.

Penina alitafuta kwa miezi kumi na mmoja, kwa kikokotoo kinachotumia mwanga wa jua na majedwali ya mahali zilipo sayari. Roketi dhaifu haiwezi kupanda kwenda mbali. Kwa hiyo chombo lazima kwanza kianguke ndani, kuelekea jua, kikutane na sayari ya Zuhura, kipite nyuma yake kwa karibu ili kivutwe na kuongezewa mwendo. Kisha kizunguke, kikutane na Zuhura mara ya pili, kisha Dunia yenyewe, na hapo ndipo kipate nguvu ya kurushwa hadi Mshtarii. Kila sayari inatembea, na ukikosea siku mbili unafika mahali ambapo hakuna kitu. Alijaza kurasa mia tatu. Mwezi Julai njia ikakubali.

Jumatatu ya wiki ile alimpa bahasha Iddy, mnunuzi wa mifugo kutoka Chemba, aliyekuwa apande treni ya Jumatano kwenda Dodoma. Iddy alikuwa na miaka kama ishirini na minane, mcheshi, na tangu biashara ya ng'ombe ilipoachiwa watu binafsi alikuwa akipita Chisayu kila mwezi kuwanunulia wenye malori. Alipanga chumba kwa mama Yudith akija.

"Ndani kuna nini, mwalimu? Wakiniuliza posta niseme nini?"

"Sema karatasi. Ni njia ya chombo kisicho na mafuta ya kutosha. Kinapita karibu na sayari, sayari inakivuta, inakigawia mwendo wake kidogo, halafu kinaondoka."

Iddy alifikiri. "Kama vijana wanaodandia treni ya mizigo pale inapopunguza mwendo mlimani. Wanashuka mbele, na treni haijui kama iliwabeba."

Penina alicheka. Alikuwa amelieleza jambo hilo kwa Kirusi na kwa Kiingereza, na hakuwahi kulisema vizuri hivyo.

*

Saa tano asubuhi ya ile Jumatano, wakati wanawake wanamwosha Seth, mtoto wa jirani alikuja mbio kutoka njia ya Gulwe. Sungusungu, walinzi wa kijiji, walikuwa wamemkamata Iddy stesheni anasubiri treni. Wamemrudisha hadi uwanja wa mnada. Wamempekua, wamekuta ramani ya wizi.

"Ramani gani?" Penina aliuliza, na kabla hajajibiwa alijua. Alitoka na damu ya Seth mikononi, akakimbia.

Uwanja wa mnada ulikuwa na watu zaidi ya mia. Iddy alikuwa amefungwa mikono nyuma kwenye nguzo ya kupakilia ng'ombe, shati limechanika, midomo imevimba hadi haifungi. Kamanda wa sungusungu alikuwa Nathanaeli, mdogo wa baba yake Penina, mtu mrefu mwenye miaka sitini. Yeye ndiye aliyemlea Seth baada ya baba yao kufa. Alikuwa ameshika rungu la mpingo na macho yake yalikuwa mekundu.

Mwenye karatasi alikuwa Gaudence, katibu wao. Gaudence alikuwa mwongoza ishara wa reli kwa miaka kumi na tisa mpaka wafanyakazi walipopunguzwa, na kwa kuwa alisoma na kuandika vizuri, kijiji kilimpa ukatibu. Alikuwa ameinua karatasi kubwa ambayo Penina aliichora kwa wino, yenye jua katikati, duara kwa duara, na mstari mmoja uliopinda ukizipitia zote.

"Hizi duara ni mazizi," Gaudence aliwasomea watu. "Kila zizi lina chapa yake. Hili lina msalaba chini, angalieni, ni chapa ya akina Ndahani, imebadilishwa kidogo tu. Pembeni kuna tarehe. Kumi na nne, nane. Leo ni tarehe ngapi?"

Watu walinguruma.

"Halafu kuna sifuri moja. Kwenye reli tunaandika saa hivi hivi. Sifuri moja ni saa saba usiku. Seth ameuawa saa ngapi?"

Rungu la Nathanaeli lilimpata Iddy begani, na sauti ya mfupa ikasikika mpaka nyuma ya umati. Iddy alipiga kelele, kisha akajaribu kusema. Alikuwa amekumbuka maneno ya Jumatatu na aliyatafuta kama mtu anayetafuta mlango gizani.

"Ni kudandia tu. Ni njia ya kudandia. Inapita karibu, inachukua kidogo, inaondoka."

"Mmemsikia," mtu akasema. "Amekiri. Wanawapakia kwenye treni."

Wakamwangukia. Fimbo zilikuwa nyingi hata zikagongana zenyewe. Mtu mmoja alimpiga kwa mpini wa jembe usoni, na jicho lake la kushoto likatoka mahali pake. Nyuma ya umati wanaume wawili walikuwa wanavuta mabua ya mtama na mmoja alibeba chupa ya mafuta ya taa.

Penina aliingia kati yao kwa viwiko. Alianguka juu ya Iddy, akaukumbatia uso wake kifuani, mkono wake wa kulia akauweka juu ya kichwa chake. Rungu lilikuwa limeshainuliwa. Lilishuka juu ya mkono huo. Aliona vidole vyake vitatu vimekaa vibaya kabla hajasikia maumivu.

"Karatasi ni zangu," alisema. "Nimechora mimi."

Nathanaeli alirudi hatua moja.

"Unasema nini?"

"Nimechora mimi, baba mdogo. Iddy alikuwa anapeleka posta."

"Damu ya ndugu yako iko mikononi mwako na unaniambia umemchorea mwizi ramani?"

"Sijachora mazizi. Hizo ni nyota. Ile yenye msalaba ni Zuhura, ile inayowaka mashariki kabla jua halijachomoza."

Mtu alicheka, kicheko kibaya. Mwanamke mmoja alimtemea mate. "Kasoma Ulaya ili aje kuua nduguze," alisema, na jiwe likampata Penina shingoni. Akahisi umati unajikusanya tena. Alielewa kwamba akianza kuwaeleza habari ya sayari, Iddy angekufa kabla hajamaliza sentensi ya tatu, na huenda yeye pia. Mkono ulikuwa umeanza kuuma sasa, maumivu yanapanda hadi kwenye meno. Alimtafuta Gaudence kwa macho.

"Katibu. Umesoma tarehe moja tu. Ziko tano. Isome ya kwanza."

Gaudence aliigeuzageuza karatasi.

"Chini kushoto, pale palipokunjwa. Fungua usome."

"Isome," Nathanaeli alisema.

Gaudence alikunjua pembe ya karatasi. "Tatu, kumi na moja," alisema.

"Malizia."

"Tisini na tisa."

"Kwenye reli," Penina alisema, "saa tisini na tisa ni saa ngapi?"

Upepo ulipeperusha vumbi la uwanja na hakuna aliyefunika macho. Yule mwenye chupa ya mafuta alikuwa ameshaifungua, harufu imewafikia wote.

"Mwalimu," Gaudence alisema taratibu.

"Niambie. Umefanya kazi stesheni miaka kumi na tisa."

"Hakuna saa hiyo. Saa zinaishia ishirini na nne."

"Basi ni nini?"

Gaudence alitazama karatasi, kisha akamtazama Nathanaeli. "Ni mwaka," alisema. "Tisini na tisa. Zile nyingine nazo ni miaka. Elfu mbili. Elfu mbili na moja. Hii ya mwisho ni elfu mbili na nne." Akageuka kwa watu. "Hakuna mwizi anayepanga kuiba ng'ombe mwaka elfu mbili na nne. Hao ng'ombe wenyewe hawajazaliwa."

Kijana mmoja aliinua fimbo hata hivyo. Gaudence alisimama mbele yake. Fimbo ilimpata Gaudence sikioni, akaanguka kwa goti moja, akainuka, akasimama pale pale. Hapo ndipo Nathanaeli alipoita jina la yule kijana na kumwambia aache. Alikata kamba za Iddy kwa kisu chake mwenyewe. Hakumwomba msamaha. Alisema tu, "Mpelekeni zahanati," kisha akaokota rungu lake, akalifuta kwenye suruali.

Hakumwangalia Penina.

*

Hasira iliyokuwa imekusanyika uwanjani haikuondoka. Wakati mganga wa zahanati anamfunga Penina vidole kwa vijiti na bendeji, na Iddy amelala kwenye godoro la chumba cha pili anaita mama yake, wanaume arobaini walivuka mto wakifuata nyayo za ng'ombe. Walipofika ng'ambo walikutana na mtu peke yake, na kamba na kisu, anatafuta ndama wake aliyepotea. Aliitwa Zaidi. Alikuwa mfugaji aliyehamia upande ule mwaka uliopita, Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na alipoulizwa anatoka wapi alijibu kwa lugha ya kwao.

Gaudence alikuja zahanati saa kumi jioni. Alisimama mlangoni, sikio limekauka damu, na pindo za suruali yake zilikuwa zimeloa.

"Tumeua mtu," alisema.

Penina alidhani hakusikia vizuri.

"Nilisema tumuulize kwanza. Nilisema mara moja. Baba yako mdogo alimpiga ya kwanza, wengine wakamalizia. Haikuchukua hata muda wa kufungua gazeti. Hakuwa na karatasi yoyote, mwalimu. Hakuwa na kitu cha kusoma."

Alikaa sakafuni akaegemea ukuta. Baadaye akasema, bila kuulizwa, kwamba ile tisini na tisa aliiona mapema, kule stesheni, kabla Iddy hajapigwa hata fimbo moja. Aliiona, ikamsumbua, akaikunja ile pembe. Watu walikuwa wanamsikiliza. Tangu apoteze kazi ya reli hakuna aliyekuwa amemsikiliza namna ile.

Kama mkono wake ungekuwa mzima, Penina angempiga.

Siku ya tatu polisi walikuta lori limezama kwenye mchanga wa korongo, upande wa barabara ya Morogoro, likiwa na ng'ombe kumi na tisa wenye chapa ya Ndahani. Watu watatu walikamatwa. Hakuna mtu wa Chisayu aliyewajua. Mmoja wao alikuwa amefunga mguu kwa shuka, ana jeraha la panga la Seth, na habari hiyo ilimfanya mama Yudith alie kwa mara ya kwanza.

Seth alizikwa Alhamisi. Zaidi alizikwa na ndugu zake kando ya mto, na mjane wake alikaa siku mbili mbele ya ofisi ya kijiji na watoto wawili, hasemi neno. Watu walipita kando yake. Kijiji kilikubaliana kwamba mtu yule aliuawa na watu wasiojulikana, na kila mtu alijua hivyo ndivyo atakavyosema.

Jumatatu iliyofuata Penina alimwambia mama yake kwamba anakwenda Mpwapwa kuandikisha maelezo.

"Maelezo ya nini?"

"Ya Zaidi."

"Hukuwepo."

"Gaudence alikuwepo. Ataandikisha. Mimi nitasema ya uwanjani, na nani alikuwa anaongoza."

Mama Yudith alikuwa anapepeta mtama. Aliendelea kupepeta. "Nathanaeli ndiye aliyeninunulia dawa baba yenu alipokufa nami nikaugua. Alimfundisha Seth kuchunga. Alipiga kwa sababu ya Seth."

"Najua, mama."

"Nimeshazika mmoja. Sasa unataka kumfunga mwingine."

"Yule mwanamke ana watoto wawili."

"Na mimi nilikuwa na wawili," mama alisema. Akaweka ungo chini, akaingia ndani. Tangu siku hiyo hakuzungumza na Penina kwa miaka mingi.

Penina aliondoka kwa miguu hadi Gulwe, mkono umetundikwa shingoni. Gaudence alimfuata kwa nyuma, umbali wa hatua mia hivi, kama mtu asiyetaka kuonekana naye. Lakini Mpwapwa, kwenye kituo cha polisi, aliingia naye, na alipoulizwa aliona nini, alisema yote, pamoja na ile pembe ya karatasi.

Nathanaeli alihukumiwa Dodoma mwaka uliofuata, miaka saba kwa kuua bila kukusudia. Wengine wawili walipata mitano. Mahakamani Iddy alikuja na fimbo ya kutembelea na kitambaa juu ya jicho. Alipoulizwa kama anawatambua waliompiga, alisema ana jicho moja na siku ile vumbi lilikuwa jingi. Nje, Penina alimuuliza kwa nini.

"Nitarudi Chisayu kununua ng'ombe," alisema. "Biashara yangu iko kule. Wewe umesema, mwalimu. Umesema kwa niaba yetu sote. Mimi niache niishi."

Penina alikubali. Alihisi ni haki yake, ingawa ilimkata.

Karatasi zile zililowa damu na polisi walizishika kama ushahidi. Penina alizinakili upya kutoka madaftari yake, kwa mkono wa kushoto, kwa wiki tano, namba zake zimeinama kama za mtoto wa darasa la kwanza. Alipeleka posta mwenyewe. Jibu lilikuja Desemba. Profesa aliandika kwamba walipata saa tatu za kompyuta na kuipitisha njia yote: imetofautiana na mashine kwa saa kumi na nane tu kwenye mkutano wa pili na Zuhura. Hakuna mwanafunzi mwingine aliyepata njia. Lakini chombo hakitajengwa, fedha hazipo, na chumba cha idara kimepangishwa kwa kampuni ya vigae. Mwishoni aliuliza kwa nini mwandiko umebadilika.

Penina alijibu kwamba aliumia mkono. Akaomba tatizo lingine.

Alihamishiwa shule ya Dodoma mjini mwaka 1998, baada ya kijana mmoja wa Chisayu kutia moto mlango wa nyumba alimokuwa akilala. Alipanga vyumba viwili mtaa wa Nkuhungu. Vidole vitatu vya mkono wa kulia havikunyooka tena, akajifunza kuandika ubaoni kwa kushoto, na wanafunzi wapya walidhani amezaliwa hivyo. Profesa alimtumia matatizo mengine mawili, la kufika Zohali na la kukutana na nyota yenye mkia, na akayafanya yote mawili, ingawa hakuna chombo kilichoruka.

Mwezi Mei 2002, siku ya Jumamosi asubuhi, alifungua mlango akamkuta mama yake amesimama na kifurushi cha karanga na mlenda mkavu. Alikuwa amekonda na amevaa viatu vya Seth.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama Yudith aliangalia ndani, vitabu, meza, kitanda kimoja. Hakuingia. "Nathanaeli ametoka jela. Wamempunguzia. Anataka kuja kukuona. Nimemwambia nitakuuliza kwanza."

Penina alisimama na mkono kwenye kitasa. Alisikia moyo wake unapiga kwenye vile vidole vitatu, pale pale vilipovunjika.

"Anataka kuja kusema nini?"

"Sijui. Hakuniambia. Analala mchana kutwa, halafu anakaa nje anaangalia barabara."

Watoto wa jirani walikuwa wanachota maji bombani, wanagombania ndoo. Penina aliwaangalia mpaka walipomaliza.

"Aje mchana," alisema. "Watu wakiwepo."

Mama Yudith aliitikia kwa kichwa. Kisha akavua viatu, akaingia, akaomba maji ya kunywa.